Tangi Moja Chini ya Bawa: Jinsi Richard Cody Alivyoifungua Anga ya Iraq

Septemba 1990 helikopta ya Apache haikuwa na jina zuri. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilikuwa imetoa ripoti kwamba matatizo makubwa ya vipuri na matengenezo yanaizuia mashine hiyo ghali kufanya kazi iliyonunuliwa kuifanya. Huko Panama, mwishoni mwa 1989, Apache ilikuwa imeshaonja vita kwa mara ya kwanza, lakini vita vile vilikuwa vifupi mno kumshawishi mwenye shaka. Sasa Apache zilikuwa zimeshushwa katika jangwa la Saudi Arabia, ambako mchanga unatafuna makali ya mapanga ya rafadha na kupenya kwenye injini.

Ni katika hali hiyo ndipo Luteni Kanali Richard Cody, kamanda wa batalioni ya Apache katika Divisheni ya 101 ya Marekani, alipoitwa na Kanali Jesse Johnson, mkuu wa vikosi maalumu vya Marekani katika eneo lile. Swali aliloulizwa lilikuwa fupi. Kuna vituo viwili vya rada ndani ya Iraq. Je, Apache zinaweza kuvivunja vyote viwili kwa wakati mmoja, kwa uhakika wa asilimia mia moja? Cody akajibu ndiyo.

Kilichofuata, usiku wa 17 Januari 1991, kimesimuliwa mara nyingi: risasi za kwanza za vita vya Ghuba, moto, mashine kutoweka gizani. Usiku wenyewe ulikuwa wa dakika chache tu. Kazi ilikuwa katika lile jibu, kwa sababu asilimia mia moja si kauli ambayo afisa mwenye akili zake huitoa hivihivi mbele ya mkubwa wake.

Cody alitoka Montpelier, Vermont, akahitimu chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1972. Wakati huo Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lilikuwa na maelfu ya helikopta, nyingi zimetoka Vietnam, lakini halikuwa na tawi la anga. Rubani alihesabiwa kuwa mtu wa askari wa miguu, wa mizinga, wa vifaru au wa uchukuzi, aliyejifunza kurusha kama ujuzi wa ziada. Tawi la anga lilianzishwa 12 Aprili 1983, Cody akiwa na miaka kumi na zaidi kazini. Msomaji aliyezoea kwamba kila kinachoruka ni mali ya Jeshi la Anga anaweza kushangaa, ila mfano upo karibu: helikopta ndogo za MD 500 ambazo Kenya ilinunua, zenye makombora ya kuvunjia vifaru, zilipewa kikosi cha Jeshi la Nchi Kavu chenye makao yake Embakasi.

Yeye alianzia katika uchukuzi, na tena akapitia kozi ya maofisa wa matengenezo ya ndege. Naona watu wanaipita habari hii harakaharaka wakikimbilia medali. Ofisa wa matengenezo ndiye anayejua mashine inabeba kilo ngapi kweli, inakunywa mafuta kiasi gani ikiwa nzito, na ni kipuri gani kitakachokatika kwanza. Maswali aliyoletewa na Johnson yalikuwa karibu yote ya aina hiyo.

Vituo vyenyewe vilikuwa karibu na mpaka wa Saudi Arabia, upande wa magharibi, umbali wa makumi ya kilomita kutoka kimoja hadi kingine. Vilikuwa sehemu ya mtandao wa ulinzi wa anga uliojengwa na Wafaransa na kuunganishwa na Baghdad. Ndege za kawaida zilipangwa kupita hapo zikielekea kwenye mitambo ya makombora ya Scud magharibi mwa Iraq, na zingeonekana mapema. Kimoja kikivunjwa na kingine kikabaki, au vyote viwili vikivunjwa kwa kupishana dakika tano, taarifa ingefika Baghdad kabla ya ndege. Kwa hiyo ilitakiwa vife pamoja, na vife kabla hata mmoja hajanyanyua simu.

Kwa nini isitumike ndege ya kudondosha mabomu? Ndege hupita. Ikishapita, rubani hana namna ya kugeuka polepole na kuangalia kama jenereta ya tatu imesalia, na bomu lililokosa kwa mita 30 linaweza kuacha mtambo wa mawasiliano ukiwa mzima. Wazo jingine lilikuwa kuingiza makomando kwa miguu, lakini Jenerali Norman Schwarzkopf, kamanda mkuu wa vita hivyo, hakutaka askari wakamatwe ndani ya Iraq na vita vianze kabla ya saa yake. Helikopta inaweza kusimama hewani kilomita kadhaa kutoka kwenye shabaha, ikapiga, ikaangalia, ikapiga tena. Asilimia mia ilikuwa katika kule kuangalia.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Apache za mwaka ule hazikuwa na kipokezi cha satelaiti cha kuonyesha mahali zilipo. Zilitumia mfumo wa Doppler, unaotuma mawimbi chini, kupima jinsi yanavyorudi, na kutokana na hayo kukadiria kasi na mahali ndege ilipofika. Kosa dogo la mwanzo huongezeka kadiri safari inavyorefuka, na juu ya jangwa tambarare lisilo na mlima wala mto rubani hana alama ya kujisahihishia. Baada ya saa nzima ya giza, Apache inaweza kuwa mbali kabisa na mahali kompyuta yake inapodai ipo. Helikopta kubwa za Pave Low za vikosi maalumu vya Jeshi la Anga zilikuwa na vifaa vya satelaiti na rada ya kufuata umbo la ardhi, lakini silaha zao zilikuwa bunduki za mashine tu, ambazo haziwezi kuhakikisha kituo kizima kimekufa. Moja ilijua njia, nyingine ilijua kupiga.

Basi zikaunganishwa. Kila kundi, la Red na la White, likawa na Pave Low mbili mbele na Apache nne nyuma. Na dawa ya kosa la Doppler ilikuwa ya bei rahisi kupita kiasi: vijiti vya kemikali vinavyotoa mwanga. Pave Low ikifika mahali palipopimwa kwa satelaiti, kilomita chache kabla ya shabaha, inadondosha vijiti mchangani na kugeuka. Apache inapita juu ya mwanga ule, rubani anabonyeza kitufe kuiambia kompyuta kwamba sasa yuko hapa hasa, na kutoka hapo hadi mahali pa kurushia makombora safari ni fupi mno kuweza kupotoka. Majeshi mawili yenye tabia ya kubishania bajeti kila mwaka yalikubali kutegemeana kwa kijiti cha mwanga. Sifa ya hilo si ya Cody peke yake. Kamanda wa Pave Low, Luteni Kanali Rich Comer, anastahili nusu yake, ingawa makala nyingi humtaja kwa mstari mmoja.

Shida ya pili ilikuwa mafuta, na hapa fundi ndani ya Cody anaonekana vizuri. Kutoka Al Jouf, uwanja wa kaskazini magharibi mwa Saudi Arabia, hadi kwenye shabaha na kurudi, Apache haifiki kwa tangi zake za ndani. Njia ya kawaida ni kuweka kituo cha kujazia mafuta jangwani, katikati ya safari. Kila mtu mezani alikumbuka kilichotokea Iran mwezi Aprili 1980, pale operesheni ya kuokoa mateka ilipovunjika kwenye kituo cha namna hiyohiyo: helikopta iligonga ndege ya mafuta katika vumbi na giza, Wamarekani 8 wakafa. Kituo cha mafuta ni watu, magari, kelele na muda wa kukaa chini, na kila kimojawapo ni nafasi ya kugunduliwa.

Batalioni ya Cody ilichagua njia nyingine. Apache ina mahali panne pa kuning'iniza silaha chini ya mabawa yake mafupi. Katika mahali pamojawapo waliondoa pakiti ya roketi na kufunga tangi la nje la galoni 230, takriban lita 870. Tangi hilo lilitengenezwa kwa ajili ya kuhamisha helikopta kutoka kambi moja hadi nyingine, halikukusudiwa kuingia nalo vitani: halizibi tundu la risasi lenyewe, na likilipuka hakuna wa kuhadithia. Mashine ilibaki na makombora 8 ya Hellfire, roketi 19 na mzinga wake wa milimita 30. Silaha zilipungua, upande mmoja ukaelemewa, hatari ya moto ikaongezeka. Walichopata ni safari ya kwenda na kurudi bila kugusa ardhi. Waliona biashara hiyo inalipa, na nami nakubaliana nao, kwa sababu kituo cha mafuta kingeongeza watu wengi zaidi wa kuwapoteza.

Upungufu wa silaha ulifidiwa kwa mpangilio wa kupiga. Kwanza Hellfire zinazoongozwa kwa leza ziende kwenye majenereta, kwa kuwa kituo kisicho na umeme ni kiziwi na bubu kwa wakati mmoja. Kisha magari ya mawasiliano. Kisha rada zenyewe, ambazo kwa wakati huo zimeshakuwa vyuma tu. Baada ya hapo Apache zinasogea, roketi zinafuata, na mwisho mzinga unamalizia chochote kinachosimama. Shabaha muhimu ziligawanywa ili ikiwa mashine moja itapata hitilafu, nyingine iwe inajua kazi ya mwenzake. Hakuna mazungumzo ya redio njiani. Kinachowaunganisha ni saa tu.

Mazoezi yalianza majira ya vuli, usiku, pamoja na Pave Low, katika jangwa la Saudi Arabia lililofanana na lile la ng'ambo. Wafanyakazi wa ndege walirudia kazi bila kuambiwa shabaha ni ipi hadi siku zikiwa zimekaribia sana. Kamanda mwenyewe alikuwa akiruka nao. Siamini hilo ni jambo dogo. Kamanda wa batalioni ana sababu mia za kubaki ofisini, na asiyeruka na vijana wake wiki hadi wiki hatajua ni nani anayeyumba kwenye giza kabla hajamtuma.

Usiku wa 17 Januari makundi mawili yakaondoka Al Jouf na kuvuka mpaka chini ya futi mia moja kutoka ardhini, taa zimezimwa, marubani wakiona kwa kamera ya joto iliyofungwa puani mwa helikopta. Saa 8 na dakika 38 usiku kwa saa za Baghdad, dakika 22 kabla ya saa iliyopangwa kuanza vita, makombora ya kwanza yakagonga. Kazi ilichukua takriban dakika nne. Makombora 27 ya Hellfire yalirushwa, roketi zipatazo 100 na risasi za mzinga zipatazo 4,000. Chukua hesabu hii: Apache 8 zilibeba Hellfire 64, zikatumia chini ya nusu. Ile pakiti ya roketi iliyobaki nyumbani haikuhitajika, na tangi lilihitajika kila lita. Hakuna Mmarekani aliyekufa katika shambulio hilo, na njia ikawa wazi kwa ndege zilizokuwa nyuma yao.

Kikosi kile kilipewa jina la Normandy, kukumbuka Divisheni ya 101 ilivyotangulia kuruka kwa miavuli Ufaransa mwaka 1944. Jina kubwa kwa kazi ya helikopta chache; lakini wanajeshi huwa hivyo.

Baada ya ushindi huo likazuka tatizo ambalo si kosa la Cody: watu walijifunza somo fupi kupita lile lililokuwepo. Waliona Apache ikiingia ndani ya nchi ya adui usiku na kurudi salama, wakaamini hiyo ndiyo tabia ya Apache. Miaka minane baadaye imani hiyo ilifikishwa kwenye mtihani, na safari hii Cody alikuwa upande wa wanaosahihisha.

NATO ilianza kuipiga Yugoslavia 24 Machi 1999 kwa ajili ya Kosovo. Jenerali Wesley Clark, kamanda wa NATO, aliomba Apache ili awinde magari ya Waserbia. Apache 24 zilitolewa Ujerumani hadi uwanja wa Rinas karibu na Tirana, Albania, pamoja na maelfu ya askari, vifaru na mitambo ya roketi ya kuwalinda, kwa mamia ya safari za ndege za mizigo. Uwanja ulikuwa matope. Milima ya mpakani inapita mita 2,000, na huko hewa ni nyepesi, rafadha inashika kidogo, helikopta iliyojaa mafuta na silaha inapanda kwa shida. Tarehe 26 Aprili Apache moja ikaanguka mazoezini. Tarehe 5 Mei ikaanguka ya pili na marubani wake wawili wakafa. Vita viliisha mwezi Juni, na Apache zile hazikurusha hata kombora moja dhidi ya adui.

Cody, sasa Brigedia Jenerali, alipelekwa kule kama naibu kamanda. Kilichomtofautisha ni alichoandika baadaye. Katika waraka kwa uongozi wa juu wa jeshi alieleza kwamba wengi wa marubani walikuwa na saa chini ya 500 za kuruka na Apache, hawakuwa na sifa ya kutumia miwani ya kuonea usiku pamoja na kamera ya joto ya mashine, na vifaa vya mawasiliano havikutosha. Waraka ulivuja magazetini, naye akaitwa kueleza bungeni. Afisa anayetafuta nyota ya pili angeweza kulaumu milima, matope au wanasiasa waliosita. Vyote vilikuwepo. Yeye alilaumu mazoezi, yaani alilaumu jeshi lake.

Linganisha kazi hizo mbili kwa dakika moja. Mashine ileile, usiku uleule wa giza, na adui wa 1991 alikuwa na ulinzi mzito kuliko inavyodhaniwa. Tofauti ilikuwa miezi: Normandy ilipewa karibu minne ya kujiandaa kwa shabaha mbili zisizohama, na Albania ilipewa wiki chache kwa shabaha zinazojificha msituni. Mtu angemuuliza Cody swali la Johnson pale Tirana, la asilimia mia moja, jibu lisingekuwa ndiyo.

Somo halikuingia kwa wote. Usiku wa kuamkia 24 Machi 2003, kikosi cha 11 cha helikopta kutoka Ujerumani, kilekile kilichopeleka Apache Albania, kilituma Apache zipatazo 30 dhidi ya divisheni ya Medina ya Iraq karibu na Karbala. Mafuta yalichelewa kufika, safari ikasogezwa mbele, lakini mizinga na ndege zilizotakiwa kuwafungulia njia zikaendelea na ratiba ya zamani. Helikopta zikaingia juu ya nyumba za watu, risasi zikitoka kila paa. Moja ilishushwa na marubani wake wawili kutekwa, wakaja kuachiliwa Aprili. Karibu zote nyingine zilirudi na matundu. Mafuta, tena. Na saa.

Katikati ya miaka hiyo Cody aliongoza kikosi cha helikopta cha makomando, cha 160, kilichozaliwa kutokana na aibu ya Iran ya 1980, na kuanzia 2000 hadi 2002 akaiongoza Divisheni ya 101 nzima. Nayapita haraka kwa kuwa kazi ya kamanda wa divisheni haina mengi ya kuchambua kwa mtu wa nje.

Uamuzi wa Februari 2004 unastahili kusimamiwa. Jeshi lilikuwa limetumia miaka zaidi ya ishirini na karibu dola bilioni 7 kubuni helikopta ya upelelezi ya Comanche, na likapata mbili tu za majaribio. Cody, Luteni Jenerali anayesimamia operesheni makao makuu, alikuwa mstari wa mbele katika tathmini iliyoishia kuifuta. Fedha zilizokuwa zimetengwa kwa miaka iliyofuata, zaidi ya dola bilioni 14, zilielekezwa kununua helikopta mpya karibu 800, kukarabati nyingine zipatazo 1,400, na kuzifunga vifaa vya kugundua na kupotosha makombora. Rubani aliyekulia katika mashine za kisasa akiua mashine ya kisasa kuliko zote ni jambo lisilo la kawaida. Lakini ni mtu yuleyule aliyeshusha pakiti ya roketi ili afunge tangi: anachotoa na anachopata, kwa hesabu.

Juni 2004 alipanda kuwa Jenerali na Naibu Mkuu wa Jeshi la Nchi Kavu, wakati Iraq na Afghanistan zikila askari na mashine kwa pamoja. Wanawe wawili, nao marubani wa Apache, walipelekwa vitani katika kipindi hicho. Kuanzia 2007 askari walikuwa wakitumwa kwa miezi 15, wanapumzika 12, wanarudi.

Tarehe 1 Aprili 2008 alikaa mbele ya kamati ndogo ya Kamati ya Ulinzi ya Seneti akawaambia maseneta kwamba katika miaka yake yote ya sare hajawahi kuona jeshi likiwa na akiba finyu namna ile. Likitokea jambo kubwa mahali pengine, alieleza, vikosi vilivyo tayari kulikabili havitoshi. Aliyasema hayo katika serikali iliyokuwa ikihitaji kusikia kinyume chake, akiwa bado kazini.

Ushahidi ule nauweka juu ya Normandy. Kusema ndiyo mwaka 1990 kulimhitaji mtu anayejua galoni, saa za kuruka na vipuri. Kusema hatuwezi mwaka 2008 kulimhitaji mtu anayejua hivyohivyo, na aliye tayari kuchukiwa kwa kujua. Aliacha sare mwaka huohuo wa 2008, akiwa na saa zaidi ya 5,000 za kuruka.